Mpira Chini ya Breka

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafuu tangu uliponiahidi kuacha kupanda ngazi na ndoo mkononi. Kama hujaacha, usiniambie. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu sana. Kitambaa ulichomshonea kilimfikia salama, na tangu siku hiyo kila anayeingia humu ndani lazima akione, hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki aliambiwa anawe mikono kwanza akiguse.

Aliyekukabidhi barua hii nimemwomba asiseme kitu mpaka umalize kuisoma, nawe nakuomba usimwulize. Mpe kiti, umpe maji, umwache. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Ni kwamba kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa napoteza uzi, halafu unalia, halafu nakubali jambo ambalo sikupanga kulikubali. Ndivyo ilivyokuwa Jumatano.

Nirudie ulichoniomba siku ile, ili tuwe na neno moja. Ulisema hujui mwanao amefanya nini kule kituo cha umeme na hutaki kujua, ila alipokupigia alikuwa anajibu kama mtu anayesoma mahali, na mama hadanganyiki kwa hilo. Ukasema kwamba yule fundi, Babu Nati, ameshazikwa, na marehemu hafukuzwi kazi wala hapelekwi mahakamani. Kama lawama ni lazima imwangukie mtu, ukasema, basi imwangukie asiyeweza kuumia tena. Ukanikumbusha kwamba mimi nimo katika tume inayochunguza ajali ile, na kwamba wote mezani husubiri nitakachosema kwa kuwa nusu yao niliwafundisha. Mimi nikakujibu kwamba nitalifikiria. Nimelifikiria. Lakini wanijua ndugu yako, siwezi kusema jambo bila kulieleza tangu mwanzo, kwa hiyo nivumilie kama ulivyonivumilia miaka yote.

Breka kubwa ya kituo cha kupozea umeme si kama swichi ya ukutani kwako. Imesimama juu ya miguu ya chuma, na juu ya miguu hiyo pana nguzo za kauri zinazompita mtu mrefu. Ndani ya nguzo ndimo umeme unamokatwa, na lazima ukatwe kwa haraka kuliko kupepesa jicho, la sivyo moto unajishika humo humo. Haraka hiyo inaletwa na springi nene zilizokazwa zikangojea. Breka inapofunguka, springi zinaachiwa, na kishindo chake utadhani mtu ameangusha kabati la chuma kutoka ghorofani. Ndiyo maana mwishoni mwa safari ya chuma kinachosukumwa na springi hizo huwekwa shokapu ya mafuta, kama ya gari, ili ikipokee kishindo na kukimaliza polepole. Shokapu ikichoka, kishindo hakimalizwi. Kinashuka miguuni, kinaingia kwenye zege, kinapita chini ya ardhi mpaka chumba cha kuongozea mitambo.

Katika chumba hicho, ukutani, zimetundikwa rilei, vidude vinavyolinda njia za umeme na kuziamuru breka zifunguke panapotokea hitilafu. Zile za kituo cha mwanao ni za zamani, zina vidole vyepesi vya chuma. Ukuta ukitikisika vidole hugusana, na rilei huamuru kukata umeme wakati hakuna hitilafu yoyote. Ikawa breka moja ikifunguka kwa sababu ya haki, mtikiso wake unaidanganya rilei, na breka nyingine inafunguka bure. Nusu ya mji inaingia gizani, hospitali inawasha jenereta, na simu inalia mezani kwa mwanao, maana yeye ndiye msimamizi.

Nataka uelewe kwamba alifanya lililompasa kwanza. Aliomba shokapu mpya. Akajibiwa asubiri vipuri. Akaomba tena, akajibiwa na mtu mwingine maneno yale yale. Kisha akaitwa makao makuu, akaketishwa kwenye kiti kifupi mbele ya meza ndefu, akaambiwa kwamba giza lingine la bure likitokea atatafutiwa kituo kingine. Kwetu kila mtu anajua kituo kingine maana yake nini. Alirudi amepiga moyo konde kwamba mtikiso ule utakwisha hata kama hakuna wa kumsaidia.

Sasa hebu kumbuka nyumba yenu ya ghorofani, na yule mama wa chini aliyekuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio kila ulipokanyaga cherehani. Ulichukua ndala kuukuu, ukaikata vipande vinne, ukaviweka chini ya miguu ya meza. Ugomvi ukaisha. Mwanao alikuwa mdogo, alilala chini ya meza, kiganja kimetandazwa sakafuni, akakuambia, mama, sakafu imenyamaza. Ulinisimulia mwenyewe, ukicheka, na mimi nikasema mtoto huyu atasomea mitambo.

Lakini kumbuka na kilichofuata. Sindano zilianza kukatika. Ulimlaumu mwenye duka, ukasema anauza bandia, ukahama duka. Hata mimi na elimu yangu yote nilikununulia pakiti ya sindano za bei, nazo zikakatika. Hatukuunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu ufagio ulikuwa umenyamaza na sindano ni kitu kidogo.

Ukweli ni kwamba mpira hauondoi mtikiso. Unauzuia usishuke, basi. Usiposhuka unabaki juu, pamoja na mashine yenyewe. Sakafu inatulia na meza inayumba. Kwa cherehani gharama yake ni sindano. Kwa breka gharama ni kauri, na kauri, mdogo wangu, hubeba uzito kama jiwe, lakini ukiiyumbisha inapasuka shingoni, ufa mwembamba kama unywele, bila sauti, na inaendelea kusimama kana kwamba haijambo.

Nadhani umeshaanza kuniona niendako. Usiruke mbele, soma taratibu.

Babu Nati hukuwahi kumwona. Alikuwa fundi mkongwe wa kituo, mfupi, mwenye maneno mengi, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuweza kuipita nati bila kuijaribu kwa spana. Husimuliwa kwamba siku moja alimwomba mheshimiwa aliyekuja kuzindua kitu anyanyuke kidogo, akakikaza kiti chake, akamwambia haya kaa sasa, ulikuwa unaelekea kutuangukia na hotuba haijaanza. Siku ya ajali alikuwa nje, karibu na breka ya pili, anapaka grisi. Hitilafu ilitokea kwenye njia, hitilafu ya kweli, breka ya kwanza ikafunguka kama ilivyopaswa, na nguzo yake ikakatika shingoni. Waya wenye umeme ukaanguka, vipande vya kauri vikaruka. Sitakueleza alivyokutwa. Mwanao alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuongozea, na mlipuko ulipita upande wake wa kushoto. Kwenye simu alikuambia ameumia kidogo. Sikio hilo halisikii tena, na daktari hakutupa matumaini.

Sisi wa tume tulipofika tulikuta nati za miguu ya breka ile zimelegea. Aliyekuwa na zamu ya kuzikaza ni Babu Nati. Mwenyekiti wetu, mtu mwema lakini anayependa kuwahi nyumbani, akasema jambo liko wazi: fundi alizembea, miguu ikacheza, nguzo ikakatika, na kwa bahati mbaya akawa ndiye aliyelipia. Nilimwambia mwenyekiti tangu siku ya kwanza kwamba msimamizi wa kituo ni mpwa wangu, pengine nisikae mezani. Akacheka, akasema nchi nzima kila anayeijua breka ni mwanafunzi wangu au ndugu yangu, kwa hiyo nikae.

Nikaenda kwa mjane kumpa pole, kwa sababu nilimfundisha mumewe zamani na nilimpenda. Alinikaribisha chumba cha mbele, mkeka safi, pazia limefuliwa. Akaniomba radhi kwamba chai haina sukari. Sukari ipo, akasema, ipo pale kabatini ndani ya chupa, ila marehemu ndiye aliyeifunga asubuhi ile. Katika nyumba hii, akaendelea, kila kifuniko hufungwa mpaka utafute mwanamume wa kukifungua, tumegombana kwa hilo tangu ujana, na sasa watoto hawataki chupa ile iguswe. Kisha akaniuliza, bila kulia, mtu wa namna hiyo anawezaje kuacha nati zikiwa zimelegea. Nilikunywa chai ile mpaka mwisho.

Nilirudi kituoni kutafuta jibu. Nilichungulia zege pale miguu ya breka ilipokalia, nikaona kila mguu umezungukwa na mraba mweusi, alama ya kitu kilichokaa hapo na kuondolewa. Nikatazama boliti, nikaona zimechomoza juu ya nati kuliko inavyohitajika, kama mikono iliyotoka kwenye mashati mafupi. Boliti ndefu hivyo zilikuwa zimeshika kitu kinene zaidi ya chuma. Weusi ule nilijua ni wa nini. Mpira ukigandamizwa kwa muda unasinyaa, na ukisinyaa nati inalegea hata kama imekazwa na mtu mwenye nguvu za ng'ombe. Hapo nikalikumbuka jambo la ndala, nikakaa chini.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano ulinipigia.

Nisikufiche, Alhamisi nilirudi kituoni nikiwa na kitambaa na chupa ya petroli mkobani. Boliti ningesema zilibadilishwa zamani, nani angenibishia? Yalibaki yale madoa manne. Nilipiga magoti kwenye mguu wa kwanza nikasugua, na doa likatoka vizuri, kama halijawahi kuwapo. Nilikuwa nahamia la pili aliponikuta kijana mmoja wa kazi, akaniamkia kwa heshima, akauliza Mwalimu, umestaafu ukaajiriwa ufagizi? Nikasema nasafisha ili tume ione vizuri. Akachuchumaa, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akasema kazi hii si ya umri wako, Mwalimu, nionyeshe tu pa kusugua. Akatia petroli, akanitazama, akisubiri.

Sijawahi kuogopa macho ya mtu kama nilivyoyaogopa yale. Aliniamini, basi, kama mtu anavyomwamini mwalimu wake. Nilimnyang'anya kitambaa, nikasema basi inatosha, nikaondoka kwa miguu mpaka kituo cha basi, mikono inanuka petroli.

Ijumaa nilimwita mwanao. Siku hizi ukizungumza naye lazima ukae kulia kwake na upaze sauti, na mambo tuliyokuwa nayo si ya kupazwa sauti sebuleni, kwa hiyo tulikwenda kwenye kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba. Sikumhoji. Niliweka mezani mbele yake boliti moja ndefu niliyokuwa nimetoka nayo kituoni. Akaigeuza mkononi, kisha akaanza kusema, kwa sauti kubwa, maana hajisikii mwenyewe anavyopiga kelele.

Alisema mpira aliukata kutoka mkanda mkuukuu wa mashine, akauweka wakati Babu Nati yuko likizo kumwoza binti yake mkubwa. Siku ile ile chumba cha kuongozea kilitulia. Breka ikifunguka, kikombe mezani hakitetemeki. Aliweka kiganja ukutani, ukuta umenyamaza, akafurahi kama mtoto, na giza la bure likaisha, na makao makuu wakampongeza. Babu Nati aliporudi alicheka, akasema lo, mmemvalisha bibi harusi viatu, nani katoa ruhusa? Mwanao akamjibu kwamba mchoro umetoka makao makuu. Hakukuwa na mchoro. Babu Nati akaridhika. Tangu hapo kila alipopita alizikuta nati zimelegea kidogo, akazikaza, akalisema wakati wa chai. Mwanao akamwambia ni mpira unakaa sawa, utazoea. Na alasiri ya ajali, wenzake wote walipomsindikiza marehemu hospitalini, yeye alibaki akisema analinda kituo. Alitia jeki mguu mmoja mmoja, akautoa mpira, akazirudisha nati kwa haraka bila kuzikaza, damu ikimtiririka sikioni, akigeuza kichwa kila mara kwa sababu hakuweza kusikia kama kuna mtu anakuja.

Nilimwambia yote kwa upande wangu pia. Nikamwambia mama yako ananiomba nikunusuru, na kwamba doa moja nimeshalifuta, yamebaki matatu, na tume itafunga kazi Jumatatu. Nilimwambia neno lake ndilo nitakalofuata. Labda sikupaswa kumtwisha hilo, lakini nilikuwa nimechoka, na nilitaka kujua mtoto tuliyemlea ni mtu gani.

Aliirudisha boliti mkononi mwangu. Kisha akasema, Mjomba, usiniwekee mpira.

Sikuhitaji kingine. Kile ambacho wewe na mimi tulitaka kumfanyia ndicho alichoifanyia breka. Tungetulia sisi, sakafu yetu ingenyamaza, na mtikiso wote ungebaki juu kwake, siku kwa siku, mpaka apasuke mahali tusipopaona.

Kwa hiyo nakuungamia, mdogo wangu, kwamba sikufanya ulichoniomba. Jana asubuhi nilikwenda naye kwa mwenyekiti. Mwanao alieleza mwenyewe, mimi nikaeleza habari ya petroli na kitambaa, nikajitoa kwenye tume. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa muda, akaniambia angependa nisingemwambia. Taarifa itasomwa kesho. Itasema kwamba makao makuu waliombwa shokapu mara mbili wasilete, na hilo nimehakikisha limeandikwa kwa maneno mazito, nao wamebishana nami mpaka dakika ya mwisho. Itasema pia mpira uliwekwa na nani, na nani aliuondoa. Jumanne asubuhi mwanao ataripoti polisi, nami nitakwenda naye. Kazi yake imekwisha. Kama atafungwa au hatafungwa sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Kutoka kwa mwenyekiti tulikwenda kwa mjane. Ni mwanao aliyetaka. Alikataa kiti, akasimama katikati ya chumba, akasema yote. Yule mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mwanao alipomaliza, mjane akamwuliza kwa sauti ndogo sana kama nati za mumewe zilikuwa zimekazwa. Mwanao hakusikia. Mama akarudia, hakusikia tena. Nikamtamkia karibu na sikio la kulia, naye akajibu kwa ile sauti yake ya siku hizi, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, kwamba zilikazwa, mama, zilikazwa vizuri, alizikaza mwenyewe kila siku, ni mpira wangu uliolegea. Nje watu walikuwa wamesimama bombani na ndoo zao. Wote walisikia. Binti yao alitoka chumba cha ndani akasimama nyuma ya mama yake.

Mjane hakumtukana wala hakumsamehe. Alituambia twende. Tulipokuwa mlangoni nilimsikia akimwambia binti aende kwa jirani akamwite mwanamume aje awafungulie chupa ya sukari.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Unaweza kunikasirikia kadiri utakavyo, nimekuzoea, na mlango wangu uko wazi hata ukija ukiwa hunisemeshi. Wifi yako hajui yote, ila amekufungia mkate na sabuni, kama vya kupeleka mahabusu, kwenye mfuko uliokuja na barua hii, akasema bila kueleza kwamba utavihitaji. Nisalimie majirani wanaonikumbuka, na ukipata nafasi itazame miguu ya meza ya cherehani. Mwanao aliniuliza njiani kama vile vipande vya ndala bado vipo.

Sasa ikunje barua, umtazame. Amekaa hapo mbele yako, na ana siku ya leo na ya kesho tu kabla ya kurudi. Kaa upande wake wa kulia. Lolote utakalomwambia, liwe la uchungu au la upole, liseme kwa sauti, hata kama majirani watasikia. Usinong'one. Hasikii tena mtu akinong'ona.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako mkubwa